Pale Penye Boya Jekundu

Ingimar, aliyekuwa tarishi wa barua kabla mguu haujamgomea,
aliniletea jetski yake Jumatatu juu ya trela.
Huzimika palepale, Valgerdur, akasema,
penye boya jekundu, mita mia tano toka gatini.
Haijali jua, haijali wimbi.
Ukingoja dakika kumi inawaka,
kama mtoto aliyefumwa na sukari mdomoni.

Hapa Gimli kila mtu alikuwa na lake.
Mwenye duka la samaki wa moshi alisema maji ya pale yana kitu.
Mimi nikasema: kabureta.
Ndivyo tusemavyo sisi wa spana,
kama daktari wa zamu asemavyo mafua.

Nikaifungua, nikakuta niliyoyatarajia:
mipira ya petroli, ile ya kijivu ya kiwandani,
imeoza kwa ndani, imetoa utelezi wa kijani
kama mlenda uliolala.
Chujio la tumboni mwa kabureta,
dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, limeziba kabisa.
Nikalisugua. Nikalipuliza. Viwambo vipya, sindano mpya,
mipira myeusi, minene.
Nikanawa mikono, kwa majivuno.

Jumatano, penye boya jekundu: kimya.
Nilimwona kwa darubini toka mlangoni,
ameketi juu ya maji kama barua isiyo na anwani.

Alhamisi nikaishusha tena.
Petroli nikailaza usiku kucha ndani ya chupa ya achari
nione kama maji yatajitenga.
Yalijitenga. Tone moja, mviringo, kama jicho la samaki.
Nililishangilia lile tone!
Nikampigia Ingimar simu saa tano za usiku: ni maji!
Petroli mpya. Plagi mpya.

Ijumaa: boya jekundu.

Mara ya tatu siisimulii. Ilikuwa hasira, si ufundi.
Nilikaza skrubu robo, nikailegeza robo,
nikaitukana kwa Kiaislandi cha bibi yangu,
lugha ambayo sina kazi nayo nyingine.

Jumapili Elinborg, binti wa dada yangu, miaka tisa,
alipanda nyuma ya Ingimar, jaketi la kuelea limemfika masikioni.
Iliposimama pale pao pa siku zote
mtoto hakuuliza habari za kabureta.
Alifungua kifuniko cha tangi
kwa kuwa anapenda harufu ya petroli
(mamake asijue).
Anasema tangi lilivuta pumzi.
Ndefu, ya kwikwi,
kama mtu aliyejificha chini ya blanketi
na wenzake wakasahau kumtafuta.
Akarudisha kifuniko, Ingimar akabonyeza kitufe,
ikanguruma, wakalipita boya.

Nilifuata kijibomba cha hewa hadi mwisho wake.
Nyigu, tangu kiangazi kilichopita, alikuwa amejenga humo
nyumba ya udongo, lipu safi, hakuna ufa.
Kila tone lililotoka tangini liliacha nafasi,
na nafasi ile haikuwa na pa kupatia hewa.
Mita mia tano: ndiyo ilikuwa pumzi yake yote.
Halafu dakika kumi za kuiba nyingine, kidogo kidogo,
pembezoni mwa kifuniko.

Na mimi wiki nzima nimeishika kabureta koo,
ikiri.

Nikaandika bili. Mipira na viwambo: bei yake.
Kumtoa nyigu: bure.
Mstari wa tatu niliuanza, neno likanikosa,
nikauacha wazi.
Ingimar akauwekea dola tano,
na kwa mwandiko wake wa posta, wa kuinama,
akaandika pembeni: za mwenye pua.

Nyumba ya nyigu iko dirishani, ndani ya ile chupa ya achari.
Nimeigonga kwa kucha mara mbili.
Sijui kama kuna mtu.